Kilima Nyuma ya Bani

Jumapili, 27 Juni 1993

Mti umekufa kwa sababu yangu. Niandike hilo kwanza, mengine yafuate.

Ilianza na picha. Padre alitupatia sisi wanakwaya magazeti ya zamani ya Ulaya tukafungie maandazi ya sikukuu. Humo binamu yangu Pacifique akaona picha ya mzungu aliyevaa kofia kubwa iliyomfunika macho na masikio, mikononi glavu zenye nyaya, amenyoosha mikono kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Tulimpelekea Padre atufafanulie. Akasema ni mchezo. Ndani ya kofia mna televisheni ndogo. Aliyeivaa anaona dunia isiyokuwepo, anatembea ndani yake, anakimbia wanyama wasiokuwepo, na kumbe yuko sebuleni kwake.

"Sasa hiyo si kazi ya mzinga tu?" akasema Melkiadi. "Mvalishe mtu mzinga, haoni kitu. Sisi wa nje tunamletea dunia. Televisheni ya nini, bwana?"

Melkiadi ni Mkonongo wa Magamba, mrina asali. Huja huku kwenye makazi yetu sisi wakimbizi Warundi kubadilisha asali kwa mihogo na maharage na, kwa maneno ya mama yangu, kubadilisha macho kwa macho na mimi. Mizinga yao ya nyuki ni ya magome. Ukivua gome lote kuzunguka shina, mti unakauka, kwa hiyo wanachagua mti mkubwa, uwe umekufa kwa faida. Mzinga wa kichwa cha mtu ulihitaji mti mwembamba, kijana kabisa. Melkiadi akasita. "Huu bado, Goreth. Baba akijua atanilaani." Nikamwambia avue tu, mti mmoja si msitu. Leo nimepita pale, majani yamenyauka yote.

Jumapili, 4 Julai

Mchezo tumeuita Mzinga. Tunacheza nyuma ya bani, lile banda refu la kukaushia tumbaku, ambalo sasa liko tupu. Anayecheza anavaa gome mpaka mabegani. Lina vitundu vya kupumulia na ndani linanuka nta. Kiunoni tunamfunga kamba, na kamba naishika mimi. Mimi ndiye ninayemwambia yuko wapi. Pacifique anatoa sauti zote, maana Mungu alimpa koo la kila mtu: akiita kwa sauti ya marehemu baba yangu, mama anaitika kabla hajakumbuka. Melkiadi anashughulika na maji, moshi, majani na harufu.

Leo tumeanza na Treni. Benchi juu ya magogo mawili, tunalisukasuka, kitambaa cha dizeli karibu na pua, Pacifique anauza karanga dirishani kama pale stesheni ya Kaliua. Ernestine wa kwaya alishuka benchini akatapika. Tulifurahi sana.

Jumapili, 11 Julai

Nyongeza ya kwanza: Hifadhi. Kiboko wa Sitalike ni gunia lililoloa matope linalokupumulia shingoni. Mwenyekiti wetu wa kijiji, mtu mzima na tumbo lake, alikimbia na mzinga kichwani akaenda kugonga bomba la kisima. Nilicheka mpaka nikaona haya. Tumeweka sheria mpya: kamba iwe fupi.

Jumatano, 14 Julai

Kuchambua maharage kutwa nzima. Vumbi.

Jumapili, 18 Julai

Amekuja Sogokuru Salvatori. Si babu yangu wa damu, lakini ndiye aliyenibeba. Mwaka 1972 tulipokimbia Gasenyi, kilima chetu kule Burundi, nilikuwa na wiki tatu na mama alikuwa hawezi kusimama. Salvatori alinitia kwenye kapu la kahawa, akanivusha mto Kagogo maji yakimfika kifuani. Kila nikimsalimia huuliza, "Bado hujaloa?" Ndiyo salamu yetu.

Leo hakuuliza. Tangu uchaguzi wa kule mwezi uliopita, wazee wote wamegandamana na redio, kila mmoja anasema safari hii tutarudi. Alisimama akatazama watu wanavyopanda Treni yetu, kisha akaniita pembeni.

"Mwana wanje, mtoto wangu, unaweza kunipeleka Gasenyi?"

Nikamwambia mimi sikumbuki hata jani moja la Gasenyi.

"Mimi nitakwambia. Wewe utashika kamba."

Mkewe, Nyogokuru Épiphanie, alikuwa amekaa kivulini kwenye ukuta wa bani na ungo wake wa maharage. "Mimi msinivalishe," akasema bila kuinua macho. "Mimi si nyuki."

Jumapili, 25 Julai

Tumeshinda wiki nzima tukijenga. Sogokuru ananitajia, mimi napanga. Unatoka nyumbani kwa baba yake, mlango unatazama bondeni. Unashuka kwenye migomba, majani yanakupiga usoni. Chini ya migomba kuna mti mkubwa, umuvumu, na hapo njia inagawanyika. Mkono wa kulia inakwenda barabara ya komine, ile wilaya yetu ya kule, barabara ya magari. Mkono wa kushoto inakwenda mtoni.

Hapo ndipo palipotushinda. Nyuma ya bani, bomba liko kulia. Kushoto ni uzio wa miiba wa jirani, hata kuku hapiti. Melkiadi alisema tubebe maji kwa ndoo tukayamwage kushoto, tukajaribu, yakawa tope la nguruwe, si mto. Kwenye bomba kuna maji yanayotembea, kuna sauti, kuna baridi.

"Mto uko kushoto," akasema Sogokuru.

"Sogokuru, bomba liko kulia. Tuling'oe? Wewe jifanye tu."

Akacheka. "Haya, mkubwa wa kilima. Mto umehama."

Tukamvalisha. Nilimshusha polepole, Melkiadi akimpitishia majani ya mgomba usoni, Pacifique akiita kutoka mbali kwa sauti ya mzee, sauti ya baba yake Sogokuru, "Yewe Salvatori, umefunga mbuzi?" Kwenye gogo tulilosimamisha badala ya umuvumu nikamwambia, shika kulia. Miguu ilipogusa maji alipiga magoti. Alitia mikono yote, akapitisha maji chini ya gome, akanawa uso. Mabega yalikuwa yanatikisika. Melkiadi alifuta macho akasingizia moshi.

Nimefanya kitu kizuri. Naandika nikiwa na majivuno, Mungu anisamehe.

Jumapili, 1 Agosti

Sogokuru tena. Ametaka njia ileile, neno kwa neno.

Jumapili, 8 Agosti

Sasa wanakuja wazee wa kila kilima, kila mmoja na mto wake na mlango wake. Tumeongeza jiwe lililopashwa moto la kuegemea mgongo, liwe jua la asubuhi, na maganda ya kahawa ambayo Melkiadi aliyapata kwa mtu wa Kigoma, tunayachoma kidogo. Lakini Gasenyi ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu Sogokuru anairudia na kila akirudia tunaifanya nzuri zaidi. Tumempa mbuzi wa kweli amshike masikio. Tumempa kibao cha mlango kinacholia kama mlango wa baba yake.

Nyogokuru anapepeta maharage tu. Nilimuuliza kama nimekosea kitu. "Wewe hujakosea," akasema, "hujawahi kufika."

Jumapili, 15 Agosti

Telesphor amerudi. Ni mfanyabiashara wa dagaa, alikwenda kule tangu Julai kuona mambo yalivyo, akapita Gasenyi. Alinikuta bombani.

"Nasikia mnawapeleka wazee nyumbani kila Jumapili."

Nikasema ndiyo, nikicheka.

"Basi waambieni ukweli, nyie. Nyumba ya Salvatori ina watu. Baba, mama, watoto, na kitanda wamenunua. Wako pale miaka kumi na kitu. Kahawa imeng'olewa. Hata ule mti mkubwa wa njia panda umekatwa, wamechoma mkaa. Uwatie na hao kwenye mchezo wako."

Nilimwambia nitawatia. Nikachota maji, nikaenda nyumbani, na ndoo ilikuwa nzito kuliko siku zote.

Ningewatiaje? Pacifique akohoe ndani ya nyumba, mtoto alie, mwanamke aulize kwa ukali, wewe nani? Halafu mzee wa watu asimame nje ya mlango wa baba yake na gome kichwani? Nimemuuliza Melkiadi. Akasema, "Mrina hawezi kumwambia mtu asali ni tamu akaficha nyuki." Nikamwambia hiyo methali ameitunga sasa hivi. Akakubali ameitunga.

Jumapili, 22 Agosti

Sikuwatia.

Na shetani hakuniacha hivihivi. Tukiwa mlangoni, Sogokuru ameshika kibao, Pacifique akakohoa kweli, vumbi la maganda lilimkaba. Sogokuru akasimama.

"Nani anakohoa ndani?"

Kamba ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kusema wakati ule. Neno moja lingetosha.

"Hakuna mtu, Sogokuru. Ni mbuzi."

"Ah," akasema. "Mbuzi." Akaingia.

Sijala leo. Mama amefikiri ni malaria, amenipa mwarobaini, nimekunywa chungu chote kwa hiari yangu.

Jumapili, 29 Agosti

Kuna mzee alikuja kucheza, naye ni mtu wa upande uleule wa Gasenyi. Tukiwa kwenye gogo akasema, hapa tunashika kushoto. Sogokuru, aliyekuwa amekaa akingoja zamu, akapaza sauti: "Kulia, bwana! Mto uko kulia."

"Tangu lini?" Nyogokuru akauliza juu ya ungo.

"Tangu Mungu aumbe," akasema Sogokuru, na hakuwa anatania.

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Nilijisikia fundi: nimeuhamisha mto mpaka kichwani mwa mwenyewe.

Alhamisi, 2 Septemba

Joto. Wanachoma mapori upande wa Kabungu, jua jekundu mchana kutwa.

Jumapili, 5 Septemba

Gasenyi, Sogokuru. Hata kamba hakuihitaji. Nilimwachia akashuka mwenyewe, akageuka kulia kwenye gogo bila mguu kusita, akafika majini. Watu wakapiga makofi.

Jumapili, 12 Septemba

Wanaondoka. Sogokuru ametangaza kanisani baada ya misa, amesimama na kofia mkononi kama bwana harusi. Ameuza mbuzi wake, amegawa jembe. Anasema miaka ishirini na moja alikuwa anaogopa kwamba amesahau nyumbani, na kiangazi hiki amejua kwamba hajasahau. "Ni Goreth huyu," akasema. "Nilimtoa, naye ananirudisha." Watu wote wakageuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jioni nikaenda kwake. Nilikuwa nimejipanga: nitasema, Sogokuru, kuna watu ndani. Nilikuta wamefunga mizigo, vyungu vimefungwa kwenye mkeka. Nyogokuru alikuwa anafagia nyumba ambayo anaiacha.

"Sogokuru, na kama mtakuta watu?"

"Watu wako kila mahali, mwana wanje."

"Nina maana nyumbani. Kama nyumba ina watu."

Nilijua hapo ndipo pa kusema jina la Telesphor, kitanda, watoto, mti uliokatwa. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini aliweka mkono kichwani kwangu, ule mkono wa kapu la kahawa, akasema, "Bado hujaloa?" Nikasema bado. Nikaenda zangu.

Nimeshindwa kwa sababu ya aibu, si kwa huruma. Niandike ukweli walau humu. Nikimwambia kuhusu watu, itabidi nimwambie pia kwamba nilijua siku ya mbuzi. Nilitaka aondoke akiniheshimu.

Jumapili, 19 Septemba

Stesheni imejaa. Warundi wenye mikeka, kuku, picha za Bikira Maria. Melkiadi ameleta asali kwenye chupa ya soda, ya kula njiani. Nyogokuru aliipokea, akamwambia, "Huyu msichana anapenda kupanga kila kitu. Ukimuoa, wewe shika kamba."

Sogokuru alikuwa kama kijana. Alifumba macho palepale jukwaani, katikati ya mizigo, akaanza kutuonyesha kwa mikono kwamba safari hii hahitaji mzinga. Huu mlango. Huku migomba. Hapa umuvumu. Kisha mkono wake ukaenda kulia.

Niliuona ukienda. Nilifungua mdomo nimwambie, Sogokuru, kushoto, kulia ni bomba la bani. Treni ikapiga honi, watu wakasukumana, mtu akanikanyaga. Nikajiambia akifika ataona mwenyewe, mto haufichiki. Dhambi niliyokuwa nayo kubwa ni ya wale watu ndani ya nyumba, ndiyo iliyonikaba. Hii nyingine niliiona ya kuchekesha.

Jumapili, 26 Septemba

Sikushika kamba. Pacifique ameongoza Treni. Hakuna aliyetapika.

Jumapili, 3 Oktoba

Pacifique anataka nyongeza mpya, Vita ya Nyuki, watu wawili wenye mizinga. Nimemwambia Melkiadi auchukue mzinga akautundike porini uwe mzinga wa kweli. "Una jasho la watu, nyuki hawaingii," akasema. Nikamwambia autundike hivyohivyo. Ameutundika kwenye mti wa nyuma ya shamba letu.

Jumatatu, 11 Oktoba

Mtu wa treni anasema ameambiwa Kigoma kwamba wa kwetu walivuka salama. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 22 Oktoba

Rais wa kule ameuawa. Redio imesema jana, leo imerudia. Wazee wamekaa nje ya kanisa, wameizunguka redio. Mama anauliza, walikwenda wangapi?

Jumamosi, 23 Oktoba

Redio.

Jumapili, 24 Oktoba

Watu wanakimbia tena, wanaingia Kigoma kwa maelfu. Nimekwenda kwa Telesphor, nikamwambia, nilikuahidi nitawatia wale watu kwenye mchezo, sikuwatia. Alikuwa anapanga dagaa. Akaendelea kupanga. Labda hakunisikia. Sikurudia.

Jumapili, 31 Oktoba

Nimeungama kwa Padre. Nimesema nilimficha mzee wa watu habari, akaenda nyumbani kwake kumbe si kwake tena. Padre ameniuliza kama ningemwambia asingekwenda? Nikasema sijui. Akanipa rozari. Nimeimaliza na haijanisaidia.

Jumapili, 7 Novemba

Mvua ya kwanza. Nyuma ya bani maji yamepita palepale tulipomwaga ndoo mwezi wa saba, kushoto, kando ya uzio. Mto kabisa. Nilisimama nikautazama mpaka nikaloa.

Alhamisi, 18 Novemba

Kupanda mahindi. Nyuki wameingia kwenye mzinga. Melkiadi amekuja mbio kunionyesha, amefurahi kama mtoto, nikashindwa kufurahi naye.

Jumapili, 28 Novemba

Nyogokuru amerudi. Peke yake.

Ameshuka kwenye treni na kanga aliyopewa kambini, hana mkeka, hana chungu. Nyumba yake ya zamani imeota majani mlangoni. Tumemleta kwetu. Mama amempikia uji, amekunywa, ameoga, amelala. Jioni ameniita nikae karibu. Naandika kama alivyosema, maana nisipoandika leo nitaanza kuyapanga.

Walifika mwanzoni mwa Oktoba. Nyumba ilikuwa na watu kweli. Mwanamume alitoka, si mtu mbaya, akasema njooni na wazee wa komine siku fulani tuongee. Wakakaa kwa binamu yake Sogokuru, juu kabisa ya kilima, wakingoja siku hiyo. Bondeni hawakushuka.

"Nyogokuru," nikamkatiza, na machozi yalikuwa yameshatoka, "mimi nilijua. Telesphor aliniambia kuhusu wale watu. Nikaficha. Nilimwambia ni mbuzi."

Alinitazama kama anayeshangaa ninalilia nini.

"Hao? Telesphor alituambia sisi kabla ya kukwambia wewe. Alipitia kwetu kwanza, na dagaa zake. Salvatori alijua siku zote. Alisema, kwa Goreth nyumba iko wazi, acha niingie hata huko." Akanywa uji. "Siku ile ya mbuzi alirudi akicheka. Alisema, mtoto ananionea huruma."

Kwa muda wa kumeza mate, nilikuwa mtu huru. Miezi mitatu ikanitoka mabegani. Kisha akaendelea.

Siku ya pili baada ya habari ya rais, nyumba zikaanza kuungua ng'ambo ya kilima. Watu wakashuka mbio kwenda mtoni, kama mwaka 1972, maana ukivuka Kagogo ndipo unapumua. Giza. Sogokuru mbele, yeye ndiye mwenyeji. Wakapita migomba. Wakafika njia panda, hakuna mti wa kuwaonyesha, kisiki tu. Sogokuru akashika kulia.

"Nikamwambia, Salvatori, kushoto. Akasema, kulia. Nikamwambia, kulia ni barabarani, ndiko wanakotoka. Akaniambia, mama, unasahau. Mimi nimepita hapa kila Jumapili."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Kila Jumapili," akarudia. "Akasema, kaa hapa, nikiona maji nitakuita. Akaenda. Nikangoja. Wanawake wa kule wakanikamata mkono wakanivuta kushoto, na mto ulikuwa pale pale Mungu alipouweka. Nimevuka natazama nyuma. Hakuniita."

Nikasema, "Nyogokuru, ni mimi. Bomba lilikuwa kulia. Ni mimi."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimekaa pale pale, nachambua maharage."

Akaniambia nikalale.

Jumanne, 30 Novemba

Mvua. Nimepalilia mahindi ambayo bado hayahitaji kupaliliwa.

Ijumaa, 3 Desemba

Nyogokuru hasemi neno baya. Anafagia kwetu, anachambua maharage. Ningependa anipige. Melkiadi ananiambia kwamba hata kule barabarani kuna watu waliopona, wengine wamefichwa, wengine wako kambi nyingine, majina bado yanatafutwa. Inawezekana. Namshukuru, lakini najua mkono ulivyokwenda pale stesheni, na najua nilifunga mdomo.

Jumapili, 5 Desemba

Baada ya misa Nyogokuru hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya bani, akasimama kwenye nyasi mbichi, akaniita mbele ya watu.

"Nivalishe."

Nikamwambia mzinga una nyuki.

"Basi nifunge macho na kanga. Kamba unayo?"

Nikapiga magoti. Nikamwambia, Nyogokuru, usiniadhibu hivyo, niombe kitu kingine chochote. Akanishika kidevu akaniinua.

"Sikuadhibu. Yeye alipita kulia. Mimi kulia sikujui, sijawahi kupita. Wewe ndiye unayekujua, kwa sababu wewe ndiye uliyekutengeneza. Nipeleke nione alikokwenda."

Melkiadi alileta kamba. Nilimfunga kiunoni, kiuno chembamba, kimebaki mifupa. Nikamfunga macho. Pacifique alisimama mahali pake pa siku zote, karibu na bomba, hajui afanye nini na mikono yake. Watu wa kwaya walikusanyika.

Nikasema, hapa ni mlangoni. Tukashuka. Hapa ni migomba. Hakukuwa na majani ya kumpiga usoni, Melkiadi hakuyaleta, akapitisha mkono wake mwenyewe hewani kama anayeyasogeza. Tukafika kwenye gogo, limeota uyoga.

"Hapa aliniacha," akasema.

Nikashika kulia. Alinifuata hatua kwa hatua, bila haraka. Nilisikia bomba likidondoka. Tukasimama pale ambapo kwa kawaida ningesema, haya, umefika, gusa maji.

"Sasa kuna nini?" akauliza.

Kiangazi chote sijawahi kukosa la kumwambia aliyefungwa kamba. Nilikuwa na kiboko, nilikuwa na Kaliua, nilikuwa na milango ya watu waliokufa.

"Sijui, Nyogokuru," nikasema. "Huku sikujui."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa jibu alilolifuata mbali.

"Alisema ataniita," akasema. "Labda mimi ndiye niliyepaswa kuita." Akakusanya pumzi, akaita kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, kuelekea upande wa bomba: "Yewe Salvatori! Mto uko huku!"

Pacifique alinitazama. Sauti ya Sogokuru anayo. Alikuwa akiitoa Julai yote kutuchekesha, na hata Nyogokuru mwenyewe aliwahi kugeuka. Alikuwa ameshafungua mdomo. Machozi yalikuwa yanamtiririka, alitaka kumpa, na Mungu anajua mimi pia nilitaka apewe.

Nikamtikisia kichwa kumkataza.

Nyogokuru aliita tena, kisha akanyamaza akisikiliza, uso umeelekea bombani. Tulisimama hivyo mpaka mvua ikaanza, na kamba sikuivuta.